Feza ya zaidi tunayotoa kwa furaha
(Somo juu ya uchumi wa nyumbani)

Kusoma mbele ya somo: 2 Samweli 24:18-25, Marko 7:9-13, Marko 14:3-9, Yakobo 2:1-4.



Kila muhula muhasibu wa masomo anapita katika darasa na karatasi ya majina. Wale ambao hawajamaliza minerval wanakusanya madaftari yao na kurudi nyumbani. Tangu 2019 shule za musingi za serikali hazilipishi, lakini sisi wa sekondari tunalipa bado, na kila mutu anajua uzito wa karatasi ile. Sasa, siku ya Mungu inayofuata, mwanafunzi yule aliyefukuzwa anaona mama yake amesimama katika kwaya, amevaa kikwembe kipya kinachongaa. Anakasirika. Anasema moyoni: «Mama anapenda nguo kuliko mimi.»

Neno hilo ni zito. Tumelisikia zaidi ya mara moja katika kiwanja cha masomo, na hatupendi lipite bila kuchunguzwa. Kwa hiyo somo letu la leo linauliza hivi: juu ya nini mutu asiyekuwa na feza nyingi analipa beyi kubwa kwa kitu fulani, tena analipa akicheka? Je, ni ujinga? Ni kiburi? Ao kuna hesabu ndani yake ambayo sisi vijana hatujaiona? Tutachukua mufano mumoja tu, kikwembe cha Wax, kwa sababu kila nyumba hapa inakijua.

1. Katika soko

Mutu anayetaka kujifunza uchumi aanze kwa kusimama mbele ya meza ya mama muuzishaji. Sisi tulisimama katika soko ya Kadutu, hapa Bukavu, na maneno yalikuwa hivi:

— Jambo, mama. Kikwembe hii iko beyi gani?
— Hii ya chini ao ile ya juu, mutoto yangu?
— Zote mbili.
— Hii ni ya kila siku. Ile ya juu ni Hollandais. Beyi yake ni mara tano ya hii.
— Mara tano! Na zote si pamba?
— Pamba, ndiyo. Lakini geuza, angalia upande wa nyuma.

Tuligeuza. Ile ya chini, upande wake wa nyuma ulikuwa mweupe-mweupe, kama picha iliyosahauliwa juani. Ile ya juu, hatukuweza kusema upande wa mbele ni upi na wa nyuma ni upi. Tukamuuliza mama yule kama wateja hawalalamike. Alicheka. Alituambia ya kuwa wanalalamika sana wakati wanaponunua ile ya beyi ndogo: wanabishana mpaka franka 500 ya mwisho. Lakini anayekuja kwa Hollandais anabishana kidogo tu, kisha anaipapasa kwa mukono, anaifungua, anaifunga tena, na anatoa feza uso ukiwa mweupe.

Hapo ndipo fumbo letu lilipo. Mutu yule yule anayekataa kuongeza franka 500 juu ya sabuni, anaongeza makumi ya maelfu juu ya kitambaa, na hanung'unike.

2. Kikwembe kimetoka wapi

Wax ni neno la Kiingereza, maana yake ni nta. Jina hilo linatuonyesha kazi yenyewe. Katika kisiwa cha Java, kule Indonesia, wanawake walizoea tangu zamani kuchora maua na ndege juu ya kitambaa kwa nta ya moto. Kisha kitambaa kilitiwa katika rangi. Pahali penye nta rangi haikuingia. Penye kuwa wazi iliingia. Nyuma yake nta ilitolewa kwa maji ya moto, na picha ikabaki.

Waholanzi, waliotawala Java wakati ule, waliona ya kuwa kazi hiyo ya mukono ni ya polepole. Walitaka kuifanya kwa mashine huko Ulaya na kuwauzishia watu wa Java kwa beyi ndogo. Katika 1846 mutu mumoja, jina lake Pieter Fentener van Vlissingen, alianza kiwanda cha kuchapa vitambaa katika muji wa Helmond. Ndicho kiwanda kinachoitwa Vlisco. Pahali pa nta, mashine zilitumia ulimbo wa moto, ukichapwa pande mbili za kitambaa mara moja. Lakini ulimbo ukikauka unapasuka-pasuka, na rangi ya buluu inapenya katika nyufa ndogo. Kwa hiyo kitambaa kinabaki na mishipa midogo-midogo kama ya jani la muti. Watu wa Java, waliozoea kazi safi ya mukono, waliona mishipa ile kuwa kasoro. Hawakuipenda sana.

Ndipo vitambaa vikapata wapenzi pahali pengine. Mwishoni mwa karne ya 19, katika inchi inayoitwa leo Ghana, watu waliona mishipa ile na wakaipenda sana: hakuna yadi mbili zinazofanana kabisa, basi kila mutu ana chake. Katika miaka ya 1890 mufanyabiashara wa Scotland, Ebenezer Brown Fleming, alipeleka vitambaa vile huko kwa wingi. Hata kampuni ya biashara iliyozaliwa na misioni ya Kiprotestanti ya Basel iliuzisha vitambaa katika inchi ile. Toka huko desturi ilitembea pwani yote ya Afrika ya magaribi, mpaka ikaingia kwetu Congo.

Tujifunze jambo la kwanza hapa. Kitu kile kile, kasoro ile ile, kwa watu hawa ni hasara, kwa wale ni uzuri wa kulipia zaidi. Beyi haikai ndani ya kitambaa peke yake. Inakaa pia katika macho ya mununuzi.

Katika Congo yetu, wakati inchi ilipoitwa Zaire, tangu 1971, serikali ya Mobutu ilihubiri mambo ya autantisite. Wanawake walikatazwa suruali na sketi fupi, na kikwembe kikawa vazi la taifa. Viwanda vyetu vilitoa vitambaa pia: Utexleo ya Kinshasa, iliyoitwa baadaye Utexafrica, Filtisaf ya Kalemie, Sotexki ya Kisangani. Wazee wa Kalemie wanakumbuka bado king'ora cha kiwanda na pamba iliyotoka katika mashamba ya bara. Filtisaf na Utexafrica ziliacha kufuma. Hii ni huzuni yetu, maana feza ya zaidi tunayotoa kwa furaha inavuka bahari na kulisha mafundi wa inchi nyingine.

Neno moja tena juu ya majina. Kiwanda kinatia namba tu juu ya kila picha. Majina yanatoka kwa mama wauzishaji. Kuna kikwembe chenye ndege anayetoka katika kizimba kilicho wazi, jina lake linajulikana pote wanaposema Kifaransa: maana yake ni «ukitoka, na mimi natoka.» Bibi anayevaa kile mbele ya bwana anayezunguka usiku hana lazima ya kusema kitu. Kingine kinaitwa «bwana wangu ana uwezo.» Kitambaa kisichokuwa na jina kinauzika polepole, kikipewa jina zuri, kinakwisha mezani. Kule Lomé, katika Togo, wanawake walioshika biashara hii walitajirika mpaka wakaitwa Nana Benz, kwa sababu ya magari yao ya Mercedes. Biashara yao ilianguka sana nyuma ya Januari 1994, wakati feza ya CFA ilipokatwa nusu, na zaidi tena wakati vitambaa vya kuiga kutoka China vilipojaza masoko.

3. Vitu vinne vinavyonunuliwa pamoja na kitambaa

Tukirudi kwa mama yule wa soko, tunaona ya kuwa muteja hanunue kitambaa tu. Ananunua vitu vinne kwa mara moja.

a) Nguvu. Kikwembe kizuri kinafuliwa kwa miaka na rangi inakaa. Tutafanya hesabu yake chini.

b) Uhakika. Ukingoni mwa kitambaa kuna maandiko yanayosema ya kuwa ni Wax ya kweli ya Hollande. Mutu analipa kwa sababu hataki kudanganywa. Lakini uangalifu! Wenye kuiga wanaiga mpaka maandiko, na siku hizi kuna vya kuiga vyenye rangi pande zote mbili. Kwa hiyo mama wenye akili hawanunue kwa maandiko tu. Wananunua kwa mama wanayemujua, ambaye watamupata pahali pale pale mwezi ujao kama rangi imetoka. Feza ya zaidi inalipa uso wa mutu pia.

c) Akiba. Hili vijana hatulijue. Katika nyumba nyingi kuna sanduku chini ya kitanda, na ndani yake vipande vya yadi 6 ambavyo mukasi haujavigusa. Hiyo si tamaa ya nguo. Hiyo ni benki. Wazee wetu waliona feza ya karatasi ikifa mikononi mwao. Katika 1967 zaire moja ilikuwa na beyi ya dola 2 za Marekani. Mwishoni mwa 1992 serikali ilitoa noti ya zaire 5.000.000, na wafanyabiashara wengi waliikataa. Katika Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya, na moja yake ilibadilishwa na za zamani 3.000.000. Mutu aliyeficha feza chini ya godoro aliamuka na karatasi za kuwashia moto. Mama aliyekuwa na vikwembe vizima katika sanduku aliamuka na vikwembe.

Tunamujua mwanafunzi mumoja, hatutaje jina lake, aliyerudishwa nyumbani juu ya minerval na kufika na hasira. Mbele ya kusema kitu alikuta sanduku wazi na mama yake akikunja vipande viwili katika gazeti. Mama hakueleza. Alikwenda soko, akarudi jioni na feza imefungwa katika pembe ya leso, akamupa. Mwanafunzi yule alituambia: «Nguo nilizokuwa ninazichukia ndizo zilinirudisha darasani.» Na aliongeza jambo lililotuuma: mama yake alikuwa ameviweka viwili vile kwa siku ya ndoa ya dada yake.

d) Heshima. Adam Smith, mwalimu mukubwa wa uchumi, aliandika katika 1776 ya kuwa shati ya kitani si lazima kwa kuishi. Wayunani na Waroma waliishi vizuri bila hiyo. Lakini katika siku zake mufanya kazi, hata wa mushahara mudogo, angeona haya kutokea mbele ya watu bila shati ile. Basi, kitu kisichokuwa lazima kwa mwili kinaweza kuwa lazima kwa mutu kati ya watu wenzake. Mama anayekwenda kwenye kilio, ao kumupokea mukwe anayeleta mahari, hatuwezi kumuambia: «Vaa chochote, Mungu anaangalia moyo.» Ni kweli, Mungu anaangalia moyo. Lakini wakwe wanaangalia kikwembe.

4. Tuhesabu

Sasa tuchukue kalamu. Tutatumia namba za mufano tu, kila mutu atatia za soko yake.

Tuseme kikwembe A kinauzishwa franka 20.000 na kinavaliwa mara 40 mbele ya kuchakaa. 20.000 gawanya kwa 40 ni franka 500 kwa kila mara ya kuvaa.

Tuseme kikwembe B kinauzishwa franka 100.000 na kinavaliwa mara 300. 100.000 gawanya kwa 300 ni karibu franka 333 kwa kila mara.

Munaona? Cha beyi kubwa ni cha beyi ndogo. Mama aliyetoa 100.000 akicheka hakuwa mujinga. Mujinga ni sisi tuliosoma beyi na hatukusoma miaka.

Lakini tusikimbie. Hesabu hii ina milango miwili ya kuharibikia.

Mulango wa kwanza: mama anakata B, anashona libaya nzuri, kisha anaogopa kukichakaza. Anakivaa mara 10 tu katika maisha yake. 100.000 gawanya kwa 10 ni franka 10.000 kwa kila mara. Hapo si akiba tena, kwa sababu kilichoshonwa kwa mwili wake hakiuzike vizuri. Wala si nguo, kwa sababu hakivaliwe. Ni feza iliyofungwa.

Mulango wa pili ni mubaya zaidi: deni. Tuseme mama hana 100.000, na kwaya inataka kila mumoja awe tayari siku ya Pasaka. Anakopa kwa mutu anayetaka 20.000 juu kila mwezi, na analipa yote nyuma ya miezi 4. Anatoa 100.000 na 80.000, yaani 180.000. Gawanya kwa 300: franka 600 kwa kila mara. Sasa kikwembe kizuri kimekuwa ghali kuliko kile kibaya! Nguvu yote ya kitambaa, miaka yote ya rangi kukaa, mukopeshaji amekula.

Kwa hiyo masikini ana shida mara mbili. Kitu cha beyi ndogo kinamumaliza polepole, na kile kizuri hawezi kukifikia kwa mara moja. Dawa waliyoivumbua mama zetu wenyewe ni likelemba. Wanawake 10 wanatoa kila mumoja 10.000 kwa mwezi, na kila mwezi mumoja wao anashika 100.000 zote. Hakuna faida ya mukopeshaji. Kuna tu neno la mutu, na macho ya wenzake tisa. Likelemba inafanya ya kuwa kununua kizuri kusiwe kununua kwa machozi.

5. Na sisi wavulana?

Hatupendi wavulana wacheke mama zao, basi tuwaangalie wao kidogo. Kule Kinshasa na Brazzaville kuna Wasapeur, na mwimbaji Papa Wemba, aliyekufa 2016, aliwafanya wajulikane dunia nzima. Kati yao kuna kijana anayelala katika chumba cha kupanga na anaweza kuvaa viatu vya Weston ambavyo beyi yake ingepanga nyumba mwaka mzima. Na hapa kwetu? Simu ambayo muziki wake unasikiwa na darasa lote. Viatu vyenye chapa, ambavyo mwenyewe anavifuta kwa kitambaa kila hatua kumi, na ambavyo ni vya kuiga. Mutaalamu mumoja wa Marekani, Thorstein Veblen, aliandika katika 1899 ya kuwa vitu vingine vinapendwa kwa sababu ni ghali: vikishuka beyi, wapenzi wanavikimbia. Mutu hanunue kitu. Ananunua macho ya jirani.

Kipimo ni rahisi. Ukipewa kitu kile kile, lakini ukakatazwa kukionyesha kwa mutu, ungekilipia bado? Mama wa sanduku angejibu ndiyo. Kijana wa simu ajijibu mwenyewe.

6. Feza ya nani?

Sasa tufungue Maandiko, maana ndiyo yanayoamua.

Kuna watu wanaofikiri ya kuwa Biblia inakataza kila feza ya zaidi. Si hivyo. Katika Marko 14 mwanamuke anavunja chupa ya marhamu juu ya kichwa cha Yesu. Watu waliokuwa pale walihesabu upesi: dinari zaidi ya 300. Tunajua kutoka Matayo 20 ya kuwa dinari moja ilikuwa mushahara wa siku moja, basi ni kazi ya karibu mwaka muzima, na harufu yake ikaenda na upepo. Wakanung'unika, wakataja masikini. Lakini Yesu alimutetea mwanamuke.

Katika 2 Samweli 24 mufalme Daudi anataka kujenga mazabahu katika kiwanja cha Arauna. Arauna anamupa yote bure: kiwanja, ngombe, hata kuni. Daudi anakataa. Hataki kumutolea Mungu sadaka isiyomugarimu kitu. Analipa shekeli 50 za feza. Hapa ni mutu anayelazimisha kulipa zaidi, kwa furaha, wakati angepata bure!

Lakini sasa tusome Marko 7. Yesu anawakaripia wale wanaosema juu ya mali yao «ni Korbani,» yaani imewekwa kwa Mungu, na kwa njia hiyo wanawanyima baba na mama zao musaada. Sadaka ni sadaka, lakini mutu aliyeigarimia ni mwingine.

Muone tofauti. Marhamu yalikuwa mikononi mwa mwanamuke mwenyewe. Shekeli zilitoka katika mufuko wa Daudi mwenyewe. Korbani ilitoka katika chakula cha wazee. Basi, sheria tunayoipata ni hii: feza ya zaidi ni nzuri wakati anayefurahi ndiye anayelipa. Ikiwa mumoja anafurahi na mwingine analipa bila kuulizwa, hiyo si furaha, ni wizi wenye kuvaa vizuri. Kikwembe cha kwaya kinachonunuliwa na minerval ya mutoto ni Korbani. Na simu ya mutoto inayonunuliwa na minerval ambayo mama alimupa mukononi, ni Korbani vilevile. Tusisahau upande huo.

Tena kuna jambo ambalo viongozi wa kanisa na kwaya wanapaswa kusikia kwa upole. Kuna mutu anayecheka akilipa kwa sababu anafurahi. Na kuna mutu anayecheka akilipa juu ya kuficha haya. Usoni wanafanana. Tumeona mama aliyekosa ibada siku tatu za Mungu, si kwa ugonjwa, lakini kwa sababu wenzake wote walikuwa na kikwembe kipya na yeye hakuwa nacho. Yakobo 2 inasema juu ya tajiri mwenye pete ya zahabu anayepewa kiti kizuri, na masikini anayeambiwa akae chini. Sisi hatuambie mutu akae chini. Tunachagua tu kitambaa, tunatangaza beyi, na masikini anakaa nyumbani mwenyewe.

Tunaleta maoni matatu kwa wote wanaochagua vitambaa vya makundi. Kwanza, kutangaza mwaka mumoja mbele, ili likelemba ipate nafasi ya kufanya kazi. Pili, kutopanga kamwe kikwembe kipya katika Septemba, mwezi ambao masomo yanafunguliwa. Tatu, kuamua kwa sauti, mbele ya wote, ya kuwa aliye na kikwembe cha mwaka uliopita anasimama katika mustari sawa na wengine, tena mbele akiwa na sauti nzuri.

7. Kumalizia

Mwanafunzi mwenzetu, siku utakapofukuzwa juu ya minerval na kuona kikwembe kipya juu ya mama yako, usianze na hasira. Anza na maulizo. Muulize kwa heshima: kilipatikana kwa likelemba, kwa deni, ao ni zawadi? Pengine utasikia jambo litakalokunyamazisha. Pengine pia yeye atasikia jambo ambalo hakuna mutu aliyemuambia kwa upole. Nyumba inayoweza kuhesabu pamoja mezani, baba, mama na watoto, inaweza hata kununua Hollandais mara moja moja, na wote wakacheka, kwa sababu wote wamejua feza imetoka wapi.

Maulizo ya kujibu katika makundi

1. Rudia hesabu ya vikwembe A na B, ukiongeza franka 15.000 za fundi mushonaji kwa kila kimoja. Tofauti imekua ao imepungua? Eleza juu ya nini.
2. Kama mama wa deni angeingia katika likelemba ya watu 10 na kupata zamu yake mwezi wa mwisho, angengoja muda gani? Angechunga franka ngapi?
3. Taja kitu kimoja ambacho nyumba yenu inalipia zaidi bila kununa. Katika vitu vinne tulivyotaja (nguvu, uhakika, akiba, heshima), munanunua kipi zaidi?
4. Na wewe mwenyewe: ni kitu gani unachokipenda ambacho mutu mwingine anakilipa? Alikubali kwa furaha, ao uliona tu uso wake ukicheka?

Wale watakaojibu ulizo la kwanza na la pili bila kosa wapeleke karatasi zao kwa mwalimu wa hesabu. Ulizo la ine kila mutu alipeleke kwa Mungu, kisha kwa mama yake.

Mungu awabariki ninyi wote.